Barua ya wazi kwa watafiti vijana wa uhandisi: nendeni kwenye mashine kabla ya grafu

Wanangu,

Marahaba kwa salamu zenu zote. Nimesoma rasimu mlizoniletea: za uchakataji wa mawimbi, za mifumo ya nishati, na sasa hata za namna ya kufundisha uhandisi wenyewe. Bidii naiona. Ila badala ya kumjibu kila mmoja pembeni nimeona niwaandikie wote hadharani, kwa sababu kasoro inayonisumbua ni ileile karibu katika kila rasimu. Mnaanza na grafu. Kati ya mashine na grafu pana sensa, waya, kichujio, saa ya kuchukulia sampuli, yaani inayoamua wimbi lisomwe lini, na programu, na kila kimojawapo kinaweza kuwapotosha bila mtu yeyote kukusudia uongo.

Nayajua haya kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa na umri kama wenu nilipopewa kazi ya kupima mkondo unaoingia kwenye draivu ya mota, ile yenye dayodi sita zinazogeuza umeme wa faza tatu kuwa mkondo mnyoofu. Umeme ulikuwa wa hezi 50. Kifaa changu kilichukua sampuli 1,000 kwa sekunde. Nilipochambua data kuona mkondo una masafa gani, yaani unatetema mara ngapi kwa sekunde, nikaona kilele kimesimama wima kwenye hezi 150, na kingine kwenye 450. Haramoniki ya tatu na ya tisa, nikasema, yaani masafa yaliyo mara tatu na mara tisa ya zile hezi 50. Nikaingia kwenye hesabu za koili na kapasita za kuichuja hiyo ya tatu, na wiki kadhaa zikapita nikiwa na furaha tele, ripoti ikinenepa.

Siku moja fundi aliyekuwa akiitunza mitambo ile alikuja kusimama nyuma yangu. Akaitazama grafu, kisha akalitazama kabati la umeme, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, humu zimeingia nyaya tatu tu. Nyutro hakuna. Hiyo ya tatu inarudi kwa njia gani?"

Sikuwa na jibu. Faza tatu zikiwa zimelingana, haramoniki za tatu za faza zote hupanda pamoja na kushuka pamoja, kwa hiyo pasipo waya wa nne hazina pa kurudia. Isitoshe, kigeuzi cha dayodi sita hutoa haramoniki ya 5, ya 7, ya 11, ya 13, ya 17 na ya 19. Ya tatu haimo. Mimi nilikuwa nimeipima kwa usahihi mkubwa kitu kisichokuwepo.

Kumbe ilikuwa hivi. Haramoniki ya 17 iko kwenye hezi 850. Ukichukua sampuli 1,000 kwa sekunde, chochote kilicho juu ya hezi 500, nusu ya kasi hiyo, hukunjwa na kurudi chini: 1,000 toa 850 ni 150. Ya 11 iko kwenye 550, nayo ikarudi kukaa kwenye 450. Ya 13 ilikwenda kujilaza juu ya ya 7, na ya 19, yenye hezi 950, ikaanguka juu ya hezi 50 zenyewe. Kwa hiyo hata kipimo changu cha mkondo mkuu, ambacho sikuwahi kukitilia shaka hata kidogo, kilikuwa kimechafuka.

Nilithibitisha kwa njia ambayo nawaomba muishike. Nilibadilisha kasi ya sampuli kutoka 1,000 hadi 1,030 bila kugusa kitu kingine chochote. Kilele cha 150 kikahamia 180. Cha 450 kikahamia 480. Mota ilikuwa ileile, mzigo uleule, nyaya zilezile. Kitu cha kweli kilichomo ndani ya waya hakihami kwa sababu wewe umebadilisha saa yako. Jaribio lenyewe lilichukua dakika chache, nami nilikuwa nimeshapoteza wiki.

Sasa jambo linaloniuma hadi leo si zile wiki. Kanuni iliyoniangusha nilikuwa naijua. Nyquist aliweka msingi wake mwaka 1928, Shannon akaithibitisha katika makala yake ya mwaka 1949, nami nilikuwa nimeijibu kwenye mtihani na kupata alama zote: kasi ya sampuli izidi mara mbili ya masafa ya juu kabisa yaliyomo kwenye wimbi. Neno nililolipita bila kulitazama ni "yaliyomo". Mimi nilikuwa nafikiria masafa ninayoyataka. Wimbi halijali unataka nini. Lililomo litaingia, na likishakunjwa hakuna programu duniani itakayolikunjua, kwa sababu namba za 850 iliyokunjwa na namba za 150 halisi ni namba zilezile. Dawa iko kabla ya kigeuza-dijiti, kifaa kinachogeuza wimbi kuwa namba: kichujio cha kipingamizi na kapasita, au kilicho bora zaidi, kikae kwenye waya wenyewe na kuzuia masafa ya juu yasifike kwenye sampuli. Nimezisoma rasimu zenu kumi na mbili. Mbili tu zimetaja kichujio hicho.

Msidhani nayachukia mahesabu ya kompyuta. Mwaka 1965 Cooley na Tukey walipochapisha njia yao ya haraka ya kukokotoa badiliko la Fourier, hesabu inayoonyesha masafa yaliyomo kwenye wimbi, kazi ya sampuli 1,024 iliyohitaji kuzidisha zaidi ya mara milioni moja ilishuka hadi maelfu kumi hivi. Ninyi mnaishi ndani ya neema hiyo. Fourier mwenyewe, nawakumbusha wale mnaodhani utafiti tumizi ni mdogo wa utafiti mwingine, alikuwa akihangaika na joto linavyosambaa ndani ya vitu; kazi yake ilitoka mwaka 1822, na chombo alichokiunda kwa ajili ya joto ndicho mnachokitumia leo kwa sauti, kwa umeme na kwa mtikisiko wa mitambo. Kinachonitia hofu ni kwamba grafu sasa inapatikana upesi mno, na mtu huiamini kabla hajapata nafasi ya kuitilia shaka.

Kuna mmoja wenu ameniletea kazi ya kutambua beringi mbovu kwa mtandao wa neva, programu inayojifunza kutokana na mifano. Majibu karibu yote ni sahihi. Nimempongeza kwa juhudi, kisha nikamuuliza data ya majaribio ilitoka wapi. Akasema alirekodi mtikisiko wa kila beringi, akaukata vipande vifupi vinavyopishana kidogo, akavichanganya kama karata, akatenga sehemu kwa mafunzo na sehemu kwa majaribio. Mwanangu, na wengine wote mnaofanya hivyo: kipande cha majaribio na jirani yake wa mafunzo vimetoka kwenye beringi moja, dakika moja, na kwa sababu vinapishana, baadhi ya sampuli zimo kwenye vyote viwili. Mtandao haujajifunza ugonjwa. Umejifunza sauti ya mgonjwa. Ukiuletea beringi ambayo haujawahi kuisikia, utababaika. Gaweni kwa beringi, au kwa mashine nzima: hizi za kufundishia, zile za kujaribia, zisikutane kamwe. Matokeo yatashuka. Yaandikeni yalivyoshuka.

Na kabla ya mtandao wowote, pigeni hesabu ya kalamu. Chukueni beringi yenye gololi 9, kipenyo cha gololi kikiwa moja ya tano ya kipenyo cha duara linalopita kwenye vitovu vya gololi, pembe ya mguso ikiwa sifuri, na shafti inazunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde. Ufa ukiwa kwenye pete ya nje, gololi zitaugonga kwa hesabu hii: nusu ya 9, mara 25, mara 0.8, yaani moja toa ile moja ya tano. Ni mara 90 kwa sekunde. Basi chukueni wimbi la mtikisiko, toeni bahasha yake, yaani mstari unaofuata vilele vyake, mtazame hezi 90 na mara mbili, mara tatu yake. Gololi huteleza kidogo, kwa hiyo kilele kinaweza kusogea pembeni kidogo. Hilo ni la kawaida. Kama mtandao unasema pete ya nje ina ufa na pale kwenye 90 hapana chochote, simameni mjiulize mtandao umeona nini. Kipya kinyemi, lakini hesabu hii ya zamani inawapa sababu, na fundi atakayeifungua mashine hiyo atahitaji sababu.

Kwa upande wa nishati sitakaa sana. Wattage iliyoandikwa nyuma ya paneli ya sola imepimwa kwa mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba na seli zikiwa kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Seli za silikoni zilizopigwa jua hufika nyuzi 60 bila shida, na kwa kila nyuzi moja hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu. Nyuzi 35 za ziada ni asilimia 14 imekwenda. Kama kielelezo chenu cha kompyuta kinatumia namba ya nyuma ya paneli kama ilivyo, betri mtakayoikadiria itamwacha mtu gizani, na yeye hatajua kosa lilianzia kwenye mstari gani wa programu. Wale wa utabiri wa matumizi ya umeme, linganisheni kwanza na utabiri rahisi kuliko wote, kwamba saa hii kesho itakuwa kama saa hii leo, na kwamba wiki ijayo itakuwa kama wiki hii. Wengi mtashangaa jinsi ulivyo mgumu kushindwa.

Nimefika kwenye ufundishaji, na hapa nina mengi, maana baadhi yenu tayari mnashika chaki.

Nilipata alama zote kwenye kanuni ya sampuli kisha nikaangushwa nayo mbele ya mashine. Hilo si kosa la akili yangu peke yake. Nilifundishwa kanuni kama kitu cha kutamka. Mwaka 1998 mwanafizikia Hake alichapisha matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6,000 wa fizikia waliopimwa kabla na baada ya kozi: waliofundishwa kwa kushirikishwa, wakijadiliana na kupata mrejesho papo hapo, walipiga hatua karibu mara mbili ya waliosikiliza mihadhara tu. Mwaka 2014 Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za sayansi, uhandisi na hisabati. Kwenye mihadhara ya kawaida walioshindwa walikuwa wastani wa asilimia 33.8, na kwenye madarasa ya kushiriki asilimia 21.8. Tofauti hiyo ni watu waliobaki kwenye fani badala ya kufukuzwa nayo.

Kwa hiyo msiwaandikie wanafunzi kanuni ubaoni kisha mkaondoka. Wapeni ile data yangu ya hezi 150. Kabla ya kufungua kitu, kila mmoja aandike anadhani ni nini na kwa nini, kisha abishane na aliye kando yake. Halafu badilisheni saa iwe 1,030 mbele ya macho yao. Nimefanya hivi miaka mingi na bado napenda ukimya unaoingia darasani kilele kile kinaposogea. Mwanafunzi aliyebashiri vibaya kwa mkono wake mwenyewe hasahau.

Na mnaotafiti ufundishaji, pimeni kwa uaminifu uleule wa mawimbi. Fomu inayouliza kama wanafunzi wamefurahia somo hupima furaha. Mnataka kujua kama wamejifunza, basi wapimeni kabla na baada kwa maswali ya dhana, mkaangalie wamekula sehemu gani ya safari iliyokuwa imebaki. Darasa lililotoka 40 hadi 70 limepata 30 kati ya 60 zilizokuwepo, yaani nusu. Lililotoka 80 hadi 90 nalo limepata nusu. Kwa kutazama 30 na 10 peke yake mngelionea la pili.

Yule fundi hakutajwa kwenye ripoti yangu. Niliirekebisha, nikaeleza kukunjwa kwa masafa kwa ufasaha, nikaweka jina langu. Jina lake sikuliweka popote, hata kwenye shukrani, wala wakati ule halikunijia wazo kwamba ningepaswa. Alistaafu kabla aibu haijanisukuma kumwendea. Kila rasimu yenu imetokana na mtu aliyewafungulia kabati, aliyewashikia ngazi, aliyewaambia mota hii ina mlio usio wa kawaida tangu juzi. Muulizeni anaonaje grafu yenu kabla ya kuituma, na mkubaliane naye jina lake likae wapi.

Anayetaka nimsomee kazi yake upya milango iko wazi. Aje na data ghafi kabla haijachujwa, na daftari linaloonyesha sensa gani, kasi gani ya sampuli, kichujio gani na siku gani. Grafu tutaichora pamoja.

Wenu,
Mwalimu wenu wa zamani