Barua ya Wazi: Chumba Namba Saba Kifunguliwe

Kwako Mheshimiwa unayesimamia vituo vya afya vya upande wetu,

Salamu kwa heshima. Mimi ni msusi, nina saluni ya viti vitatu huku Eastlands. Nilitaka kukuandikia kwa utulivu, lakini yaliyotupata Jumanne iliyopita yamenimaliza subira.

Siku hiyo nilifunga saluni nikaandamana na kina mama kumi na mmoja kwenda kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Mmoja ana miaka 47 na hajawahi kupimwa. Nimembembeleza tangu Januari. Tulikaa kwenye benchi kuanzia saa mbili asubuhi, mbele ya Chumba Namba Saba. Mlango una kufuli, na juu ya kufuli pamebandikwa karatasi: "Kupimwa ni bure kila Jumanne." Saa sita nesi akapita, akatuambia kwa upole kwamba anayepima amepelekwa upande wa watoto, turudi wiki ijayo. Hii ni mara ya tatu. Yule mama akajifunga leso yake upya, akaniambia, "Mimi sirudi. Nimepoteza siku nzima ya kuuza mboga."

Mheshimiwa, dada yangu naye aliambiwa arudi.

Alikuwa akisukia kiti cha dirishani. Alianza kutoka damu siku zisizo za hedhi, mgongo ukimuuma. Mara tatu alienda kituo kimoja cha mtaani, mara tatu akarudi na vidonge vya maambukizi. Hakuna aliyemwambia apande kitandani aangaliwe. Alipokuja kupimwa, ugonjwa ulikuwa umefika kwenye kibofu. Tuliuza mashine zake mbili za kukaushia nywele, tukafanya harambee, tukapanga foleni ya mionzi. Tulimzika akiwa na miaka 36.

Tangu hapo, kila ninayemsuka namweleza. Misuko midogo ni kazi ya saa tano, na kwa saa tano mtu husikiliza. Namwambia ugonjwa huu huletwa na kirusi cha HPV, na kwa kawaida hupita miaka mingi kabla hakijaleta saratani. Katika miaka hiyo unazuilika. Namwambia binti yake wa miaka 10 achanjwe, chanjo ambayo serikali ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2019. Namweleza kwamba kupimwa kwenyewe ni kwa siki: nesi anapaka, anangoja kama dakika moja, penye shida panageuka peupe. Wengine huuliza kama inauma. Wengine wanaogopa mume atasema nini. Hayo nayaweza. Kufuli siliwezi.

Ulipokuja kufungua jengo hilo ulisema hakuna mwanamke wa huku atakayekufa kwa kukosa kupimwa. Nilikuwa mstari wa pili. Nilikupigia makofi, dada yangu akiwa hajamaliza mwezi kaburini. Shirika la Afya Duniani linataka kufikia 2030 wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa wakifika miaka 35, na tena wakifika 45. Dada yangu aliipita 35 bila kupimwa hata mara moja.

Nahisi nesi ni mmoja na anavutwa kila upande, au labda kupima hakuhesabiwi kuwa kazi kwa kuwa wanaokuja wanaonekana wazima. Sikuombi mashine. Sikuombi hospitali mpya. Naomba nesi mmoja, siki, taa, na Jumanne iwe Jumanne. Chumba Namba Saba kifunguliwe, Mheshimiwa. Kifunguliwe tu.

Jumanne ijayo saa mbili nitakuwa kwenye benchi hiyo. Kina mama tisa wamekubali kurudi. Muuza mboga bado hajanijibu.

Wako kwa heshima,
Msusi, Eastlands, Nairobi