Barua kwa mwanangu anayevuka kwenda Ukerewe

Mwanangu,

Tangu tusikie habari ya yule kijana wa chuo, mwenye kisukari kama wewe, aliyelala mzima akakutwa amefariki, sijatulia, na wewe Jumatatu unapanda meli kwenda Nansio. Vifo vya namna ile ni nadra, hilo lijue kwanza. Mwaka 1991 madaktari wa Uingereza, Tattersall na Gill, waliandika kuhusu vijana wenye kisukari aina ya kwanza waliolala wazima, asubuhi wakakutwa wamefariki, shuka halijavurugika. Kinachoshukiwa zaidi ni sukari kushuka usiku mpaka mapigo ya moyo yakavurugika. Kwa hiyo pima sukari kabla ya kulala.

Ile insulini yako nyeupe kama maziwa, dawa ya kushusha sukari, ukiichoma saa 1 jioni, nguvu yake hupanda kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri, nawe umelala fofofo. Muulize daktari kama dozi ya jioni inaweza kusogezwa hadi saa 4 usiku. Usiisogeze mwenyewe, nakujua. Ukicheza mpira jioni, misuli huendelea kuvuta sukari usiku kucha. Siku hiyo amka saa 9 usiku upime tena. Pombe nayo hulizuia ini kutoa sukari. Juzi ulininunia nilipoligusa hili, lakini sitaliacha.

Mashine ikionyesha chini ya 6 (kwa mmol/L), usilale hivyo hivyo: kula kipande cha muhogo wa kuchemsha, upime tena. Chini ya 4, koroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, subiri dakika 15, pima, ndipo ule. Ukiamka umelowa jasho na kichwa kinagonga, huenda ilishuka. Mwambie daktari, usinyamaze.

Hesabu za dozi unazijua kuliko manesi wengine, najivunia sana. Ila kuwaficha wenzako ugonjwa, hapana. Anayelala nawe ajue: usipoamka, asikumiminie kitu mdomoni, akulaze ubavu na awahi kuita msaada. Na pima kabla ya kulala, baba, hata ukichoka vipi.

Chungu cha kutunzia insulini nimekifunga kwenye kanga ya kijani. Mchanga wake uwe na unyevu, chupa ikae ndani ya kopo isilowe. Betri za mashine ziko mfuko wa pembeni. Dagaa waanike tena ukifika, hawajakauka vizuri. Fundi wa bati bado anatuzungusha. Kila usiku nitumie namba ya kipimo, salamu zitafuata.

Mama yako