Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi: mahabusu wa kisiasa wapimwe kabla alama hazijafutika

Mheshimiwa Waziri,

Wiki iliyopita kijana mwingine aliyekamatwa kwa mambo ya siasa alipandishwa kizimbani hapa Dodoma akichechemea. Hakuna aliyemuuliza habari za miguu yake. Tumevumilia vya kutosha, ndiyo maana tunakuandikia hadharani.

Shida inaanzia kwenye PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali. Raia aliyejeruhiwa huichukua polisi, daktari akaijaza. Aliyepigwa akiwa mikononi mwa polisi aiombe kwa nani? Kwa haohao. Akisomewa uhaini katika mahakama ya chini, anaambiwa mahakama haina mamlaka ya kusikiliza shauri, hivyo hatakiwi kujibu chochote. Dhamana hakuna. Anarudishwa rumande mpaka kesi itajwe tena, kwa kawaida baada ya siku 14. Siku hizo zinatosha michubuko kugeuka kijani, kisha njano, kisha kupotea. Aliyepigwa nyayo ana taabu zaidi, kwani uvimbe hushuka mapema, akabaki na maumivu ya kutembea ambayo jicho haliyaoni.

Polisi na Magereza wote wako chini yako, Mheshimiwa. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 17, 2015, zinataka kila anayeingia gerezani apimwe mapema, na mtaalamu wa afya akikuta dalili za mateso aziandike na kuziripoti. Hizo ni Kanuni ya 30 na ya 34. Zimebeba jina la mtu ambaye wapiganaji wa chama chake tuliwapa kambi Kongwa, mkoani humuhumu. Inauma sana.

Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba inakataza mateso. Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti Julai 2023, tukaambiwa mambo yatabadilika. Aprili 2025 kiongozi wa upinzani Tundu Lissu akashtakiwa kwa uhaini, na baada ya uchaguzi wa Oktoba mwaka huo vijana wengi wakasomewa shtaka hilohilo.

Tunaomba jambo moja. Daktari wa hospitali ya serikali, asiye askari, ampime kila mahabusu ndani ya saa 24 tangu aingie gerezani. Aangalie nyayo, vifundo vya mikono, mgongo, na ngoma za masikio, maana makofi huzipasua. Kila jeraha lipimwe kwa rula, liandikwe rangi yake, lipigwe picha. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, figo zipimwe siku hiyohiyo: misuli iliyopondwa hutoa sumu inayoziua. Askari akae anapoona lakini hasikii. Nakala moja iende mahakamani, nyingine kwa wakili, na familia ipate yake mahabusu akiridhia.

Saa 24, Mheshimiwa, tunakusihi. Kesi ya yule kijana itatajwa tena Jumatatu. Apimwe kabla ya hapo.