Hesabu utitiri kabla ya kununua dawa

Mhariri,

Siku hizi kila mzinga ukikutwa mtupu, lawama huangukia utitiri wa varoa, wadudu wadogo wanaoshambulia nyuki. Kweli yupo, alithibitishwa Kenya na Tanzania mwaka 2009. Ila nyuki wa Kiafrika hung'oa majana (watoto wa nyuki walio ndani ya masega) yaliyoshambuliwa, na makundi mengi huishi na utitiri bila dawa yoyote.

Mzinga mtupu husomeka. Masega makavu bila mizoga: nyuki wamehama, mara nyingi kwa njaa, kiu au joto. Vipande vya miili na majana yaliyofukuliwa ni kazi ya siafu. Waya wa kuning'inizia mzinga haukupakwa grisi ya kuwazuia. Lundo la wafu mlangoni, ndimi nje, ni sumu ya shambani. Utando wa nondo hauthibitishi kitu, maana nondo hushamiri kundi likishadhoofika. Varoa huacha vidoa vyeupe kwenye dari ya vitundu vya majana, na nyuki wenye mabawa yaliyosinyaa.

Kwa kundi lililo hai, pima. Kung'uta nusu kikombe cha nyuki, kama 300, kutoka sega la majana, ukihakikisha malkia hayumo. Watie kwenye chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko cha wavu wa milimita 3. Ongeza vijiko viwili vya sukari ya unga, viringisha, subiri dakika mbili, kisha tikisa kwa nguvu juu ya beseni jeupe lenye maji kidogo. Sukari huyeyuka, utitiri huonekana. Gawanya hesabu kwa 3 upate idadi kwa kila nyuki 100. Usipime siku ya unyevu: sukari hugandamana na utitiri hawadondoki, ukadhani kundi ni safi. Nyuki warudishe; watalambana.

Marekani utitiri 3 kwa kila nyuki 100 hutosha kuanza dawa. Kwetu kisiwe kipimo cha kukimbilia duka. Cha kutisha ni hesabu inayopanda mwezi hadi mwezi huku majana yakipungua.

Vipande vya fluvalineti, dawa ya kuua utitiri inayowekwa mzingani, huacha dawa inayonyonywa na nta, na nta hiyo ndiyo tunayopaka viunzi vipya. Tena Ulaya utitiri walishaizoea dawa hiyo tangu miaka ya 1990. Afadhali kisu: utitiri hupenda majana ya madume, ambayo vifuniko vyake hutuna. Kata kipande cha sega chenye majana hayo kabla madume hawajatoka, uwape kuku. Ukichelewa, umewafuga utitiri.

Mfugaji nyuki,
Sikonge, Tabora