Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Wetu Kivulini

Wapendwa wanachama wa chama chetu cha wapanda mimea, hamjambo. Mambo ya pesa mweka hazina atawasomea mwenyewe, mimi nataka kuongea juu ya mimea, na nianze na violeti ya Taita kwa sababu ndiyo imetusumbua na kutufurahisha zaidi.

Wengi tulidhani violeti za Afrika ni maua ya kizungu ya kuweka dirishani, kumbe ukoo wote ni wa huku, Kenya na Tanzania. Mbegu zilienda Ujerumani kutoka Usambara miaka ya 1890, zilitumwa na ofisa anaitwa Walter von Saint Paul-Illaire, ndio zikaitwa Saintpaulia. Hii ya Taita, Saintpaulia teitensis, porini inamea vilima vya Taita tu, huko msitu wa Mbololo, kwa mawe yenye unyevu chini ya miti. Hakuna kwingine.

Sasa mapema mwaka huu kuna muuzaji alituletea gunia la violeti hizi zimeng'olewa msituni, mizizi imekatika, moss, ile mimea midogo ya kijani ya kwenye mawe, bado imeshika, na bei ilikuwa rahisi kweli. Kamati ilikataa. Najua wengine mlikasirika, na hata leo ningekataa tena, maana mmea wenye nyumba moja duniani ukiubeba kwa gunia unaumaliza, na jani moja tu lingetosha!

Na jani linatosha kweli, tumeona. Mwanachama mmoja ana violeti amefuga miaka mingi, akatupa majani. Unakata jani na kijiti chake kama sentimita 3, unachomeka kwa mchanga wa mto wenye unyevu kidogo, unafunika na chupa ya plastiki iliyokatwa, unaweka penye mwanga lakini jua lisipige. Mizizi ni kama mwezi hivi, halafu usubiri tena miezi kadhaa ndio uone vitoto vinachungulia. Maji yapitie chini kwa sahani, maji baridi yakimwagikia majani yanaacha madoa.

Hasara kubwa ilikuwa Julai. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600 na ile baridi ya mawingu udongo haukauki, lakini watu walimwagilia vile walikuwa wanamwagilia Februari, mimea ikaoza, hata ule mmea wa nyumbani unaitwa ZZ, ambao una viazi vyake vya kuweka maji chini na unaweza kukaa wiki kadhaa bila tone. Wa Embakasi wenye udongo mweusi unaoshika maji ndio waliumia zaidi, tafadhali nyinyi pandeni kwa poti ama muinue matuta.

Pia Scadoxus multiflorus, lile ua jekundu kama mpira, likikauka kiangazi halijakufa, tunguu limelala tu, usilichimbe. Mvua ikija litaamka. Lakini lina sumu, watoto na mbuzi wakae mbali.

Mkutano wa Februari kila mtu aje na angalau jani moja kwa karatasi yenye unyevu, andika jina la mmea na mahali ulipoutoa, tugawane ili mvua ya Machi itupate tayari. Waliopoteza mimea Julai watachagua kwanza.