Mwanangu, kuhusu hiyo tomahoki unayotaka kununua

Baba, marahaba. Zile link za tomahoki, hivyo vishoka vyepesi vya mkono mmoja, ulizonitumia nimezifungua zote nikiwa brek kazini, nikaona bora nikuandikie kirefu maana kwenye simu utanikatisha katikati kama kawaida yako uniambie "mama nimeelewa" wakati hujaelewa kitu.

Tuanze na hela. Umesema unazo dola 60, af link ya kwanza ni ya RMJ Tactical, wale wa Chattanooga kule Tennessee, dola mia nne na kitu. Sikatai ni kitu cha maana, wanazitengeneza wenyewe hapohapo na wanajeshi wananunua, lakini mwanajeshi anataka kuvunjia mlango na kupenya ukuta, we unaenda msitu wa taifa wa Sam Houston hapa Texas na wenzio wa chuo kupiga hema na kuwasha moto. Mlango gani uko msituni? Hiyo tuiache.

Ile ya pili ndo imenifanya nikae niandike. Dola 25, nyeusi tii, ina mwiba nyuma, mpini wote umezungushiwa kamba, na pembeni wameandika "taktikali" kwa maandishi makubwa. Hiyo usinunue mwanangu. Hizi mi nazishika kila siku hapa dukani idara ya vitu vya kambi, nazipanga kwenye shelfu na nazipokea zikirudishwa, na zinarudishwa sana. Shida yake ni kwamba ni bamba moja la chuma limekatwa kwa umbo la shoka, kuanzia makali mpaka chini unaposhika ni unene uleule. Sasa shoka uzito wake unatakiwa uwe kichwani, kichwa ndo kinafanya kazi, mkono unaelekeza tu, hii uzito umejaa mkononi kwa hiyo ukipiga gogo haliingii, badala yake mtikisiko wote unarudi kwenye kiganja na kiwiko. Kamba nayo ikilowa jasho au mvua inateleza, ikikauka inalegea. Inapendeza kwenye picha tu, na picha ndo unayoilipia.

Na huo mwiba wa nyuma una historia yake, sio kwamba mtu kauchora tu usiku. Kuna mzee alikuwa anaitwa Peter LaGana, alikuwa Marine, askari wa Marekani, Vita vya Pili vya Dunia, akafungua American Tomahawk Company 1966 akawa anauzia askari waliokuwa wanaenda Vietnam, tena wengi walinunua kwa hela zao wenyewe maana jeshi halikuwa linagawa. Kampuni ikafungwa 1970 ikaja kufufuliwa miaka ya baadae, na hizi nyingi unazoona leo zenye mwiba zinafuata umbo lile. Kwa hiyo mwiba ni wa vita na wa kutobolea vitu. Kambini unachohitaji nyuma ya kichwa ni nyundo, bapa, ugongelee vigingi vya hema. Halafu ukiwa unachanja kuni na mwiba uko nyuma, kila unapoinua mkono huo mwiba unakuja upande wa uso wako. Mi hilo tu linanitosha.

Sasa nini ununue. Angalia chuma kwanza, sio rangi. Wakiandika 1055 maana yake ni chuma cha kaboni, kaboni yake kama asilimia 0.55, yani sio kigumu mpaka kikatike meno ukigonga jiwe, na ukipata butu unakinoa kwa tupa ya kawaida ukiwa umekaa kwenye gogo, huhitaji mashine. Ubaya wake ni kutu, na hewa ya huku Texas mashariki unaijua, kwa hiyo kila ukitoka msituni unaifuta, unaipaka mafuta kidogo, hata ya kupikia yanafaa. Wakiandika 420 hiyo ni stenlesi, kutu haishiki haraka ila makali hayakai kivile. Mtu mvivu wa kufuta vitu (sisemi ni nani) anaweza akachagua hiyo, lakini mi ningechukua 1055. Wakiwa hawajaandika chuma gani, wameandika tu "chuma imara cha kijeshi", funga hiyo peji.

Pili mpini. Hapa ndo tomahoki inazidi shoka dogo la kawaida na ndo sababu sikukatazi kabisa. Shoka la kawaida mpini unaingizwa kwa chini af unapigiwa kabari, likilegea porini una kazi. Tomahoki ya asili mpini wake unaingia kwa juu, mnene juu mwembamba chini, kama ule wa sururu ya babu yako Lushoto, unavyozidi kuutumia kichwa kinazidi kukaza. Ukivunjika unagonga kipande kinatoka, unachonga mwingine au unanunua wa hikori, ule mti mgumu wa huku, kwa hela ndogo tu. Unaweza pia kukitoa kichwa ukakishika mkononi ukakwangulia vitu kama kisu. Zamani kichwa ndo kilikuwa mali, wale kina Lewis na Clark, wapelelezi waliovuka Marekani kwenda magharibi, walipokwama na baridi kwenye ngome ya Fort Mandan 1804 kuingia 1805 wahunzi wao walikuwa wanafua vishoka vya vita wanabadilishana na Wamandan, wenyeji wa kule, ili wapate mahindi, ndo walivyokula ule msimu. Nimeisoma hiyo nikacheka, hata huku shoka liliwahi kuwa debe la mahindi.

Zile zenye mpini wa nailoni na boliti sio mbaya, kampuni ya SOG wanayo moja inaitwa Tactical Tomahawk, ndogo, inchi kama 16, nyepesi, ila ina mwiba na ina boliti, na kitu chenye boliti ukikipigisha sana lazima kila mara uangalie kama zimelegea, na mpini ukipata shida huchongi mwingine wa nailoni porini.

Kwa hiyo ukiniuliza mi nakwambia Trail Hawk ya kampuni ya Cold Steel. Ni 1055, mpini wa hikori inchi 22, nyuma ina nyundo, bei yake mara nyingi inacheza dola 35 mpaka 50. Sio nyeusi ya kutisha, rafiki zako hawatashangaa, sawa. Wanapaka kichwa rangi, usijali, itabanduka yenyewe. Kuna kaskrubu kadogo pembeni ya kichwa, wengi wanakatoa kwasababu kanakwaruza mpini, af wanakwangua mpini kwa msasa mpaka kichwa kinakaa sawasawa, wanapaka mafuta ya kitani basi. Ukiona inchi 22 ni ndefu kwenye begi unakata chini kidogo, mbao ndo raha yake hiyo.

Ila kama roho yako iko kwa wale wa Chattanooga, sikia hii. Yule Ryan Johnson mwenye RMJ aliwachorea CRKT, kampuni ya Oregon, tomahoki inaitwa Woods Chogan, 1055 na mpini wa hikori, inchi kama 19. Mchoraji ni yuleyule wa dola mia nne, na hii ukivizia ofa unaweza ukaipata ndani ya bajeti yako. Estwing nao wana moja ya kipande kimoja, inaitwa Black Eagle, wanaitengeneza Rockford kule Illinois ambako wako tangu 1923, na hiyo ni tofauti na lile bamba nililokwambia maana imefuliwa, kichwa kina unene wake, ila mpini ukipinda ndo basi.

Na nikwambie ukweli wote nisije nikalaumiwa, kama kazi yako kubwa ni kupasua kuni nene, tomahoki ya aina yoyote sio jibu. Kichwa chake ni chembamba, kinaingia kwenye gogo kinanasa pale, utabaki unakivuta. Shoka dogo la Fiskars X7 la Wafini linapasua kuizidi kwa bei hiyohiyo. Na kama ni kufyeka majani na vile vijiti vya njiani, panga la Tramontina kutoka Brazili halifiki hata dola 25, ila nyie watoto mliokulia huku panga mnaona ushamba. Tomahoki ubora wake ni wepesi, unatembea nayo siku nzima kwenye ile njia ya miguu ya Lone Star Hiking Trail hulalamiki mgongo, inakata matawi, inachana vibanzi, inagonga vigingi. Kwa safari mnazoenda nyie inatosha.

Kuni zenyewe sasa. Mkienda kwenye hifadhi za jimbo, hata hiyo Huntsville State Park iliyo karibu na nyie, kuokota kuni hairuhusiwi, mnanunua au mnakuja nazo, kwa hiyo kazi ya tomahoki pale ni kuchana vibanzi vya kuwashia tu. Kwenye msitu wa taifa mnaweza kuokota zilizoanguka zikafa zenyewe kwa moto wa kambi, mti uliosimama msiuguse hata kama mnaona umekauka, na kabla hamjatoka angalieni kama kaunti imepiga marufuku moto, kiangazi ni kawaida. Siku mkienda hifadhi ya taifa ya Big Bend msihangaike kabisa, kule moto wa kuni hakuna.

Huo msitu wenu umejaa mipaina, na hapa mama yako ni mtaalam maana misitu ya Magamba na Shume kule Lushoto tumekulia humo. Tafuta kisiki cha zamani cha paina kilichooza nje, pembeni laini lakini katikati pagumu pekundu panang'aa, ukinusa harufu ya tapentaini inakupiga. Ule utomvu umejikusanya pale. Chana vibanzi vyembamba vya hapo, vinashika moto hata kama mvua imenyesha usiku kucha. Kazi hiyo tomahoki inaifanya vizuri kuliko shoka zito kwasababu unaishika karibu na kichwa unachonga taratibu.

Kuchanja, piga magoti. Sikutanii. Kitu chenye mpini mfupi ukikosa gogo ukiwa umesimama kinaendelea mpaka kwenye goti au ugoko, ukipiga magoti kikikosa kinaishia ardhini. Weka kuni juu ya gogo lingine, sio juu ya jiwe wala ardhi tupu, mchanga unaua makali. Mkono wa pili usishikilie kuni pale unapopiga. Usigonge nyuma yake kwa nyundo nyingine ili ipenye, tundu la mpini ni jembamba litapanuka na kichwa hakitakaa tena. Na zungushia mpini utepe wa rangi ya chungwa, hilo la kuwa nyeusi "isionekane" ndo utakuja kuitafuta kwenye majani usiku na tochi. Mambo ya kurushiana kwenye miti nayo sitaki kuyasikia, kama mnataka kurusha kuna sehemu za kulipia wana ubao na mstari wa kusimama.

Hili la mwisho soma vizuri. Sheria ya Texas imeitaja tomahoki kwa jina, iko kwenye kundi la marungu. Zamani kutembea nayo tu mtaani ungeweza kupata kesi, kuanzia tarehe 1 Septemba 2019 wameondoa hilo, LAKINI shuleni na vyuoni marungu bado ni kosa. Bwenini kwako isiingie. Hata ndani ya begi, hata kwenye ala yake, hata useme unatoka nayo kesho alfajiri. Inakaa hapa nyumbani na mkiwa na safari unapita kuichukua, ni njia moja tu, na utakula pia maana najua mnavyokula huko. Mkivuka kwenda jimbo lingine uliza sheria ya kule kwanza. Na kwenye ndege haiingii kwenye begi la mkononi, inaenda kwenye mzigo wa chini ikiwa imefungwa makali, usije ukaisahau kwenye begi la mgongoni tukianza safari ya Tanga na bibi yako anatusubiri Kange na watu wake wote.

Basi usilipe kwanza. Nitumie uliyochagua niangalie kama punguzo langu la wafanyakazi linaishika, kama haishiki nitakwambia uagize mwenyewe. Ikifika usiipeleke kokote kabla hatujaangalia pamoja kama kichwa kimekaa sawa na mishipa ya mbao ya mpini imenyooka kutoka juu mpaka chini, ikiwa imekatiza tunairudisha. Tupa ya kunolea usinunue, iko garaji kwenye droo ya pili pamoja na msasa, mafuta ya kitani ndo yameisha, hayo pitia Jumamosi ukija.

Mama