Wanaokwenda Lofoi na Kiubo wauogope mto kuliko kichaka

Bwana Mhariri,

Nimesoma habari mliyoandika kuhusu vijana wa Lubumbashi ambao, kiangazi kikifika, huchanga pesa za gari na kwenda kutembea kwa miguu upande wa hifadhi ya Kundelungu, kusini mashariki mwa Kongo, ili wajionee maporomoko ya Lofoi, ambako maji huanguka zaidi ya mita 300, au yale ya Kiubo kwenye mto Lufira. Ni jambo jema vijana kuijua nchi yao. Hata hivyo, ushauri mliowapa kuhusu wanyama wakali, kwamba atakayemwona chui akimbie na kupanda mti ulio karibu, hauwezi kuachwa bila kujibiwa.

Chui hupanda mti akiwa na windo zima mdomoni, na mwanadamu hamshindi mbio hata kidogo. Kibaya zaidi, wanyama wa jamii ya paka huchochewa na kitu kinachokimbia, hata kama hawakuwa na nia ya kuwinda. Anayekutana naye njiani na asimame wima, ajikusanye na wenzake, amnyanyue mtoto aliye karibu, apaze sauti, kisha warudi nyuma taratibu bila kumpa mgongo na bila kumzibia njia ya kuondokea. Mara nyingi chui akishajua kwamba ameonekana, hujiondokea. Akimrukia mtu, basi mtu huyo apigane kwa fimbo, kwa jiwe, kwa chochote alicho nacho, akilenga macho na pua. Simba simtaji sana, kwa kuwa katika hifadhi zetu mbili, Upemba iliyoanzishwa mwaka 1939 na Kundelungu ya mwaka 1970, wamekuwa adimu mno, ingawa ndio wanaotawala mazungumzo ya watu wa mjini kila safari inapopangwa.

Lililonishangaza kuliko yote ni kwamba habari nzima haikumtaja mamba. Njia za kule hukata mito na vijito, na msafiri mwenye kiu na jasho la siku nzima hukimbilia maji bila kutazama. Mamba wa mito yetu, ambaye mkubwa wake hufikia mita nne au tano, anaweza kukaa chini ya maji zaidi ya saa nzima akiwa ametulia, na anapoinuka huonyesha macho na matundu ya pua tu, juu ya maji yenye rangi ya tope kama yake. Hahitaji kumfukuza mtu. Humsubiri pale anapokuja kila siku kuchota maji, kuoga au kuosha samaki, na hasa jua linapozama.

Kwa hiyo kabla ya kusogea, tusome ukingo. Mamba anayetoka kuota jua huacha kwenye tope mfereji mpana uliolainishwa na tumbo, wenye alama za kucha pande zote mbili, na mara nyingi mstari wa mkia katikati. Mfereji huo ukiwa bado unang'aa kwa maji, amepita muda si mrefu. Ukingo ukiwa safi, hiyo pekee si ruhusa ya kuingia. Maji yachotwe kwa chombo kilichofungwa kwenye fimbo ndefu au kamba, mchotaji akiwa amesimama mbali na ukingo, na sehemu ya kuchotea ibadilishwe. Katika sehemu nyingi za Afrika wanavijiji huzungushia uzio wa miti imara ndani ya maji ili kinamama wachote kwa usalama, na sioni kwa nini vivuko vinavyopitiwa na wageni visiwe na uzio kama huo. Kuvuka kuwe kwa mtumbwi, mikono ikiwa ndani, wala si kwa kukunja suruali na kujaribu kina. Kiangazi, mito inapopungua, watu na mamba hubanwa kwenye vidimbwi vile vile, na kuelekea mwisho wa msimu majike hutaga mayai kwenye mchanga wa kingo na kuyalinda kwa ukali kwa karibu miezi mitatu, yaani katika msimu huo huo wa matembezi yenu.

Kuhusu usiku nitasema machache. Kambi iwe mbali na maji, watu walale ndani ya hema lililofungwa, na mabaki ya nyama na samaki yasiachwe karibu, kwa maana fisi huvutwa na harufu na amewahi kuwauma watu waliolala nje.

Jeraha la meno ya mnyama, hata likiwa dogo, lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu apelekwe hospitali kwa ajili ya chanjo ya pepopunda na, akiwa ameumwa na fisi, mbweha au mbwa, ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo dalili zake zikishaanza karibu hakuna anayepona. Dawa ya majani iliyopakwa juu ya kidonda ambacho hakijaoshwa haizuii hata ugonjwa mmoja kati ya hayo mawili, na mwenye kuisifu mbele ya majeruhi anampotezea saa ambazo barabara zetu tayari zinazila.

Naomba basi mchapishe masahihisho kabla ya mwezi wa Mei. Naziomba pia shule na parokia zinazopanga safari hizo ziwaulize kwanza walinzi wa ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi zetu, na wavuvi wa mahali ni kivuko kipi kina mtumbwi, na ni katika kipi mamba ameonekana siku za karibuni, kisha wenye gari wapewe jibu hilo kwa maandishi kabla ya kuondoka Lubumbashi.

Mwalimu wa biolojia,
Kamalondo, Lubumbashi